Nilienda kutafuta kitambulisho cha jimbo, nikaletewa kadi ya kupiga kura

BARUA

Shikamoo Mama.

Naomba usiweke jina langu wala jimbo ninaloishi, huku Wakongo tunajuana wote, kanisa moja, duka moja la dagaa na unga wa muhogo, neno likitoka asubuhi jioni limeshafika Nyarugusu kwa WhatsApp.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nimezaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, vita ikatutoa nikiwa mdogo tukavuka ziwa, nikakulia kambini Nyarugusu kule Kasulu, kwa hiyo Kiswahili changu kina Fizi ndani na Kigoma ndani, utanivumilia. Tuliingia Marekani 2019 mimi, mume wangu na watoto wawili, wa tatu kazaliwa huku huku. Grinikadi, ile kadi ya kuishi huku moja kwa moja, tunazo, kazi tunafanya, hatujawahi kuwa na kesi na mtu.

Shida yangu imeanzia kwenye kitu kidogo tu, kitambulisho cha jimbo, hii aidii inayofanana na leseni ila huwezi kuendeshea gari. Mimi siendeshi. Tulipofika mara ya kwanza keswoka, yule mfanyakazi wa shirika lililotupokea, ndo alitupeleka, akaongea yeye, sisi tukapigwa picha tu tukaondoka. Halafu 2021 tukahamia jimbo jingine maana kulikuwa na kazi kiwanda cha nyama, na ukihama jimbo lazima uombe kitambulisho kipya. Huku hakuna keswoka. Mume wangu alishapata leseni yake wiki ya kwanza, alienda na rafiki zake, mimi akaniambia nenda tu ni kitu cha dakika kumi. Yeye alikuwa shifti ya mchana, nikamchukua mwanangu wa kwanza, alikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa, Kingereza anakijua kuliko sisi wote.

Tulikaa pale masaa mawili na namba mkononi. Nilikuwa na ule mfuko wangu mweupe wa IOM, lile shirika la kusafirisha wakimbizi, karatasi zangu zote ziko mle tangu siku tunapanda ndege. Kufika dirishani yule mfanyakazi akaangalia tarehe ya kuzaliwa, Januari mosi, kambini si tuliandikwa wengi hivo hivo, akacheka kidogo akaendelea. Sijui kama alinichukia au amechoka tu, lakini anaongea mbio mbio haangalii mtu. Mtoto anatafsiri. Wanauliza unakaa wapi. Wanauliza urefu. Wanauliza ukifa utatoa figo, hapo mtoto mwenyewe aliogopa, nikasema hapana. Halafu akasema, "Mama wanauliza unataka kujiandikisha?"

Mama, mimi kambini nimejiandikisha maisha yangu yote. Kujiandikisha ndo chakula, ndo sabuni, ndo kuitwa intavyu. Siku ya uhakiki usipojiandikisha mwezi mzima mnalala njaa na watoto. Nikamwambia sema ndiyo, si ndo kilichotuleta. Akasema ndiyo. Wakanisogezea kale kadude kenye kioo, kuna maandishi madogo, nikatia saini na ile kalamu ya plastiki mahali aliponionyesha kidole. Sikusoma. Hata ningesoma nisingeelewa.

Kitambulisho kikaja kwa posta. Baada ya wiki kama tatu ikaja bahasha nyingine. Mtoto akafungua akafurahi kweli, "Mama wamekupa kadi ya kupiga kura!" akaibandika kwenye friji na sumaku. Ikakaa pale siku nne. Siku ya tano dada mmoja wa kanisani alikuja kuniletea sombe, akaiona, akanyamaza, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, we umeshakuwa raia? Nikasema bado. Akasema basi toa hiyo kitu hapo, watu wanarudishwa Afrika kwa hiyo kitu.

Niliitoa nikaiweka kwenye mfuko wa IOM katikati ya karatasi za chanjo. Sijawahi kupiga kura Mama, hata siku moja, nakuapia. Lakini ile jioni nilimshika mtoto nikamwambia maneno mabaya, nilimwambia wewe ndo umeniandikisha, wewe ndo utanifungisha. Alikuwa na miaka kumi. Sa hivi ana kumi na nne, na tangu siku ile hatafsiri tena. Hospitali nikimuuliza daktari kasema nini anajibu sijui hilo neno. Namjua, analijua.

Mume wangu hajui chochote. Mwezi uliopita amekuja na furaha, miaka mitano imeshapita tuombe uraia. Mama yake mzee bado yuko Nyarugusu, anaumwa miguu, yeye anataka awe raia ili amwombee mama aje. Kuna kaka mmoja hapa anajazia watu fomu, dola 200 kila mmoja, amesema tuombe wote wawili pamoja. Mjomba wa mume wangu ambaye ameshapata uraia akasema zile swali za ndani hazina shida, nyie zote andikeni hapana hapana mpaka mwisho. Mimi nikamwomba yule kaka nizione hizo swali. Mtoto wa jirani akanisomea. Kuna moja inauliza kama umewahi kusema wewe ni raia wa Marekani, na nyingine kama umewahi kujiandikisha kupiga kura au kupiga kura. Nilihisi miguu imeisha.

Juu ya hayo kitambulisho changu kinaisha mwezi ujao na naogopa kurudi pale pale, naona kama nikikaa kwenye kile kiti kompyuta itasema. Na mume anataka mwezi wa kumi na mbili niende Tanzania nimwone mama mkwe kwa sababu yeye hapati ruhusa kazini.

Dada wa kanisani anasema niandike barua nijifute. Moyo wangu unasema nimwambie mume, halafu naogopa atasema nimeharibu familia kwa mdomo wangu. Nikiandika hapana kama mjomba alivyosema, nani atajua? Nikiandika ndiyo watanirudisha? Nisaidie Mama, silali.

Mama wa watatu

MAJIBU

Marahaba mwanangu, pole sana. Pole ya miaka minne, maana umekibeba peke yako tangu 2021, kazini nacho, kanisani nacho, na kila bahasha ikija mlangoni moyo unaruka.

Nimesoma barua yako mara tatu. Nikianza tu nikajua tunakoelekea, kwa sababu miaka niliyotafsiri huku kwa watu wetu nimekaa na zaidi ya mama mmoja mwenye kadi kama yako. Nikwambie kwanza mimi si wakili. Nitakwambia ninayoyajua na hatari ninazoziona, utachagua mwenyewe.

Nikikuelewa vizuri yako ni mambo matatu yaliyofungwa kwenye kamba moja. Kuna saini ya 2021. Kuna mume ambaye hajui na anakuvuta mbele. Na kuna mtoto. Wewe umeniuliza sana juu ya saini, kidogo juu ya mume, na juu ya mtoto hujaniuliza kabisa, umesimulia tu. Tutafika.

Unaandika kama mtu aliyeiba. Ngoja nikueleze kwa nini uliulizwa lile swali. Marekani kuna sheria ya mwaka 1993 inayosema ofisi inayotoa leseni na vitambulisho vya jimbo, mtu akija kuomba, apewe na nafasi ya kujiandikisha kupiga kura hapo hapo. Majimbo mengi yanaifuata. Iliwekwa kuwarahisishia raia. Ndo maana linakuja katikati ya urefu wako na mambo ya figo kama swali la kawaida, na mtu anayelisema amelisema mara themanini siku hiyo. Mtu wa kambini akisikia kujiandikisha anasikia mgao, wewe mwenyewe umeieleza vizuri kuliko ningeweza mimi. Kwa hiyo sioni mwizi hapo. Naona mama aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

Sasa nikwambie na upande mzito, nisikudanganye kwa kukupenda. Sheria ya uhamiaji ya 1996 ni kali sana kwa mtu anayesema yeye ni raia wa Marekani wakati siye, ili apate kitu. Na kwenye fomu ya kujiandikisha kura huwa kuna mahali pa kusema mimi ni raia. Kusema "sikujua" kunasaidia, lakini usidhani peke yake kunafunga kesi, kuna maamuzi ya mahakama za uhamiaji ambayo hayakuangalia sana kama mtu alijua au hakujua. Ndo maana dada wa kanisani aliongea kwa sauti ya chini, hakukutisha bure. Lakini pia hukupiga kura, na hiyo ni tofauti kubwa mwanangu. Endelea hivo hivo. Hata wakutumie karatasi nyumbani, hata jirani akwambie gari lipo twende, usiende. Na ukiletewa barua ya kuitwa juri, yaani raia wanaokaa mahakamani kuamua kesi, maana majina ya juri huwa wanayatoa pia kwenye daftari la wapiga kura, usiitupe, ijibu kwamba wewe si raia.

Kuna kitu ambacho wewe hukijui na mimi sikijui, na kila kitu kinategemea hicho: ulisaini nini hasa? Unasema kioo, maandishi madogo, kidole cha mtu. Inawezekana palikuwa na kisanduku cha uraia na yule mfanyakazi ndiye aliyekiwekea alama. Inawezekana kiliachwa wazi. Inawezekana kwenye karatasi za siku hiyo hiyo waliandika wewe una grinikadi, maana si uliwaonyesha? Hayo yote yako kwenye faili la mtu na yanaweza kuombwa. Mawakili wanaofanya kesi hizi ndo huanzia hapo, wanaomba nakala ya fomu yenyewe kabla hawajasema chochote kwa mtu yeyote. Unaona, umekaa miaka minne unaogopa karatasi ambayo hujawahi kuiona. Ile kadi na bahasha yake usichome wala usitupe, ina tarehe, iache hapo hapo kwenye mfuko wa IOM.

Ushauri wa mjomba sasa. Naelewa unakotoka, watu wetu wamejifunza kambini kwamba kwenye intavyu ukiongea sana unakatwa. Lakini angalia tofauti. Ile ndiyo ya 2021 ilisemwa na mtu ambaye hakuelewa. Hii hapana unayotaka kuandika itasemwa na mtu anayeelewa, amesomewa swali, miguu ikaisha. Fomu ya uraia unaisaini kwamba ukisema uongo ni kosa la jinai, na kwenye intavyu unanyoosha mkono unaapa halafu afisa anakuuliza maswali yale yale kwa mdomo. Umeniuliza nani atajua. Siwezi kukwambia watajua, siwezi kukwambia hawatajua. Ninachokijua ni kwamba siku hizi majimbo yanalinganisha daftari za wapiga kura na kumbukumbu za uhamiaji kuliko zamani, na kwamba hata ukishapata uraia, uongo uliopatia uraia unaweza kurudi kuufuata. Mjomba hatakuwepo siku hiyo, na yule kaka wa dola 200 naye hatakuwepo. Anayejaza hapana hapana mpaka mwisho bila kumuuliza mtu swali hata moja hajui sheria, anajua kuandika tu.

Kuandika barua ujifute kwenye daftari, kama alivyosema dada, kuna akili ndani yake. Watu wengine wanafanya hivo na inawasaidia kuonyesha nia njema. Tatizo ni mpangilio. Barua hiyo ukiiandika mwenyewe au ukiandikiwa na mtoto wa jirani, neno moja likiwekwa vibaya linabaki kwenye faili milele na jina lako chini. Wengi wanaojua kazi hii hupenda wakili aone kwanza, halafu barua iandikwe ikiwa imepimwa. Siku chache za kusubiri hazitakuumiza kama neno baya litakavyokuumiza.

Najua neno wakili linaleta bei kichwani. Kuna mashirika ya wakimbizi na ya makanisa yenye mawakili, au watu ambao si mawakili lakini wamepewa kibali na Wizara ya Sheria ya Marekani kusimamia kesi za uhamiaji, wanalipisha kidogo au hawalipishi. Orodha yao wizara inaitoa wazi, lile shirika lililowapokea 2019 wapigie simu hata kama mmehama jimbo, uliza tu hilo. Kwa kesi kama yako ningetamani umpate wakili kabisa, angalau kwa kikao kimoja. Na ukae ukijua, unachomwambia wakili ni siri, hata usipomwajiri. Omba mkalimani mtu mzima. Asiwe wa kanisani kwenu.

Sasa hili la kuomba uraia wote wawili pamoja, hilo limetoka wapi? Nakuuliza kwa sababu barua yako nzima imejengwa juu yake na sioni sheria inayosema hivo. Kila mtu ana fomu yake, ada yake, intavyu yake. Anayetaka kumleta mama ni mume wako. Mwenye grinikadi hawezi kumwombea mzazi, raia anaweza, na raia huyo atakuwa yeye, si wewe. Na watoto, sikiliza hapa vizuri, mzazi mmoja tu akiwa raia, mtoto aliye chini ya miaka kumi na nane, mwenye grinikadi na anayeishi naye hapa Marekani, anakuwa raia moja kwa moja kwa sheria ya mwaka 2000. Wa tatu ameshazaliwa raia. Kwa hiyo wewe kutangulia, kufuata au kusubiri, hakumzuii mama mkwe na hakuwazuii watoto. Unaweza hata kukaa na grinikadi yako miaka mingi, unaifanyia upya kila baada ya miaka kumi, unafanya kazi, unalea. Hiyo nayo ni njia, ina ubaya wake, jina bado liko kwenye daftari na roho yako bado iko juu juu. Lakini ni tofauti kabisa na kuandika uongo. Kutoomba haimaanishi umesaini kitu.

Ila swali moja linanisumbua. Mume wako alichukua leseni jimbo hilo hilo, ofisi za namna ile ile, na rafiki zake wakimtafsiria. Una uhakika gani kwamba yeye hakuulizwa? Pengine alisema hapana. Pengine bahasha yake ilikuja ikatupwa pamoja na matangazo ya pizza. Kabla hajalipa mtu dola 200, na ada ya serikali yenyewe sa hivi ni dola 760 kwa karatasi au 710 kwa mtandao, naye anahitaji kujua.

Kwa hiyo kumwambia. Wewe ndiye unayemjua, mimi simjui. Kama ni mtu wa kupiga, kama kuna siku umeogopa mkono wake, nisimamishe hapo, niandikie tena kabla hujamwambia neno. Lakini kama ni mtu wa kukasirika jioni na kutulia asubuhi, sijui kama unaogopa hasira yake au unaogopa lile neno lako mwenyewe, kwamba umeharibu familia. Wengine humwambia mume baada ya kumwona wakili, wakiwa na majibu mkononi. Wengine humchukua waende wote, asikie kwa mtu mwingine. Nimeona njia zote mbili zikienda vizuri na nimeziona zikienda vibaya. Kama utaongea, chagua siku hajatoka shifti, na ile kadi iwe mezani, maana mtu akiona karatasi yenyewe anaacha kufikiria makubwa zaidi.

Safari ya Desemba, hapa nitasema wazi, naiogopa. Ukirudi uwanjani pale mpakani wana haki ya kukuuliza maswali upya kama mtu anayeingia. Usikate tiketi kabla ya kikao na wakili. Najua mama mkwe anaumwa na najua utaonekana huna huruma, basi kama hutaki kumwambia mume sababu bado, tafuta namna ya kuisogeza.

Kitambulisho kinaisha mwezi ujao, umeandika kama dunia inaisha nacho. Tulia. Grinikadi yako ni kitambulisho pia, kizito kuliko hicho. Uwanja wa ndege wa ndani wanaikubali hata baada ya ile sheria ya vitambulisho, Real ID, iliyoanza kutekelezwa viwanjani tarehe 7 Mei 2025, kazini wanaikubali, na kwa sheria mwenye miaka kumi na nane na kuendelea anatakiwa kutembea nayo. Kwa hiyo ukichelewa wiki kadhaa kufanya upya hujawa mtu asiye na jina. Ila aidii ya jimbo ina raha zake, benki, kukodi nyumba, kuchukua dawa, sikwambii uiache.

Siku ya kwenda, iwe mapema au baada ya wakili, nenda na grinikadi, kadi ya soshali (ile ya namba ya hifadhi ya jamii) na barua mbili zenye anwani yako kama bili ya umeme na ya benki. Usiende na mtoto. Omba mkalimani wa simu, ofisi nyingi wanao, ukikosa rudi siku nyingine. Mtu unayemwamini akuandikie kwenye karatasi kwa Kingereza kizuri kwamba wewe si raia, una grinikadi, na hutaki kuandikishwa kupiga kura. Isukume dirishani kabla swali la kwanza halijaulizwa. Halafu kale kadude kenye kioo, usiguse ile kalamu mpaka wamekusomea unasaini nini, na kama wanaweza kukuchapia karatasi waombe wakuchapie. Mtu nyuma yako kwenye foleni atavuta pumzi. Mwache avute.

Nirudi kwa mtoto. Wewe umeandika "analijua hilo neno". Mimi naamini analijua. Nimekaa hospitali na watoto wa namna hiyo, wanakuwa wanaangalia sakafu, na ukimsogelea ukamuuliza pembeni anakwambia, nikikosea Mama atafungwa. Miaka minne anaamini alimwandikisha mama yake kwenye jela. Pale dirishani mtoto hakutafsiri vibaya hata kidogo. Alisema kujiandikisha, na ndicho kilichoulizwa. Swali halikuwa la mtoto wa miaka kumi, na hakuna mtu mzima pale aliyeona hivo, wewe ulikuwa huelewi na yule mwingine alikuwa na foleni.

Haya mengine yote yana wakili, yana fomu, yana kusubiri miezi. Hili halihitaji kusubiri mtu. Sikwambii umweleze kesi nzima, ana miaka kumi na nne, usimbebeshe mara ya pili. Labda mwambie tu lile neno ulilomwambia jioni ile halikuwa kweli, na kwamba ulikuwa umeogopa. Labda atanyanyua mabega aende chumbani kwake, wa umri huo ndivyo walivyo. Na ukienda kwa daktari safari ijayo ingia na mkalimani wa hospitali, mtoto akae nje na simu yake kama watoto wengine.

Niandikie ukishamwona wakili, au hata kabla.